Jane Addams, jirani wa waliofika



Mara nyingi katika mikutano yetu swali moja linarudi. Familia mpya imefika kwenye avenyi, haina kitu, na jina lake halimo kwenye lisiti yoyote. Je, majirani waanze kusaidia, ao wangoje ONG ipite kwanza? Wengine wanasema tungoje, kwa sababu tukianza sisi, kesho wataandika kwamba ile familia imeshasaidiwa, itakosa bashi na masufuria. Haiko hoja ya kijinga, imeshatokea. Wengine wanajibu kwamba mtoto mwenye njaa hajui maneno ya lisiti. Tunabishana mpaka giza linaingia, kila mtu anarudi kwake.

Safari hii hatutaki kuongeza mabishano. Tunapenda kuwaelezea maisha ya mwanamke mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1935, ambaye alikaa miaka karibu 46 na swali hilo hilo mlangoni pake. Jina lake Jane Addams. Alikuwa Mmarekani wa mji wa Chicago. Sisi tunaofanya kazi ya tereni tulimsoma chuoni haraka haraka, kwa ajili ya mtihani, halafu tukasahau. Tumemrudia sasa tukiwa tumeshakosea mara kadhaa, na tumeona kumbe yeye alikosea mbele yetu.

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, alikuwa seneta wa jimbo, na alifahamiana na Abraham Lincoln. Haikuwa familia ya kukosa. Lakini mama alikufa Jane akiwa na miaka 2 tu, na yeye mwenyewe akashikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikamwacha amepinda mgongo. Siku ya Yesu wageni walipokuja kanisani, huyu mtoto hakutaka kutembea kando ya baba yake. Aliona aibu: si aibu ya baba, aibu ya kwamba watu watajua mzee mzuri kama yule ana mtoto mbaya hivi. Akatembea na mjomba wake. Tunaomba mkumbuke hiyo aibu, tutairudia huko mbele.

Alisoma shule ya juu ya wasichana huko Rockford, akamaliza 1881. Mwaka ule ule baba akafa. Akaanza masomo ya udaktari Philadelphia, mgongo ukamwangusha, akaacha. Hapo ikafuata miaka kama minane ambayo kusema kweli haina kitu: ana franga za urithi, ana masomo, hana kazi. Vijana wetu waliomaliza chuo na kukaa nyumbani watamwelewa vizuri.

Akasafiri Ulaya. Mwaka 1883, Jumamosi moja usiku huko London, upande wa maskini wa mashariki, aliona mnada wa mboga na matunda yaliyoanza kuoza. Watu wamejaa, mikono imenyooshwa juu wakigombania vitu vya senti chache. Mtu mmoja akapata kabichi, akaketi pale pale chini, akaanza kuila mbichi bila kuiosha. Jane alikuwa juu ya gari la abiria, anatazama. Ile mikono haikumtoka kichwani. Lakini hakushuka. Ilipita miaka mitano kabla ya kurudi London, mwaka 1888, na kuona nyumba inayoitwa Toynbee Hall, ambako vijana wa chuo kikuu walikuwa wamehamia kuishi katikati ya maskini. Si kuwatembelea na kurudi jioni, kuishi nao. Hapo akajua atakachofanya.

Basi tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba ya zamani kwenye barabara ya Halsted, Chicago. Nyumba ilijengwa 1856 na tajiri mmoja aitwaye Hull, ndiyo sababu ikaitwa Hull-House. Wakati wanahamia, upande mmoja kulikuwa na watu wa kuzika maiti, upande mwingine nganda ya pombe. Usiku wa kwanza walisahau kufunga mlango wa pembeni. Asubuhi walikuta kila kitu kiko fasi yake.

Tueleze kidogo huo mji. Mwaka 1890 Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1, na sehemu kubwa kati yao walizaliwa nje ya Marekani ao wazazi wao walitoka nje. Kuzunguka Hull-House kulikuwa Waitalia, Wajerumani, Wairlandi, Wabohemia, Wayahudi waliokimbia Urusi na Poland, baadaye Wagiriki. Wamejaa katika nyumba za mbao, familia nyingi kwenye parsele moja, bomba moja la maji liko uani. Hawakujua lugha. Wenye kazi waliwalipa kidogo kwa sababu walijua hawana pa kushitaki. Wengi wao walikuwa wakulima kwao, sasa wamekaa fasi ambayo hakuna hata kipande cha udongo. Wale kati yetu waliokaa Lugufu ao Nyarugusu hawahitaji kuelezewa zaidi.

Hawa wadada wawili walikuja na nini? Tutacheka kidogo. Walikuja na picha nzuri za ukutani na vitabu. Jioni za kwanza waliita majirani kuwasomea riwaya. Nia nzuri, na watu walikuja kweli, lakini majirani wenyewe ndio walioonyesha kazi iko wapi. Mmoja aligonga kuomba waje kuosha mtoto aliyezaliwa. Mwingine, waje kutayarisha maiti. Mwingine, wamkalie mgonjwa usiku. Kuna msichana aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa bila bwana. Wamama wa nyumba ile walikataa kumgusa kwa sababu hakuolewa. Jane na mwenzake Julia Lathrop wakaenda, hawakuwa wakunga wala madaktari, wakampokea mtoto.

Halafu wakagundua watoto waliofungiwa ndani. Mama anakwenda kiwandani, hana wa kumwachia, anafunga mlango kwa nje. Kwenye joto la kwanza la mwaka waliletwa Hull-House watoto watatu walioharibika: mmoja alianguka kutoka dirisha la juu, mmoja aliungua, na wa tatu mgongo ulipinda kwa sababu miaka mitatu alikuwa anafungwa kwenye mguu wa meza kutwa nzima, mpaka kaka yake alipotoka kiwandani saa sita kuja kula naye. Jane Addams, mwenyewe mwenye mgongo uliopinda, alimwona huyo mtoto. Wakafungua fasi ya kuachia watoto wa wamama wanaofanya kazi. Masomo ya maternele yalikuwa yameshaanza, na mwalimu wake alikuwa msichana wa kujitolea.

Noeli ya kwanza waligawia wasichana wadogo bonboni. Wakakataa. Ikaonekana wanafanya kazi katika kiwanda cha bonboni, tangu saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku kwa wiki sita, hawawezi hata kuzitazama. Tunaipenda hii habari kwa sababu inaonyesha zawadi ya mtu asiyeuliza. Hata kwetu imetokea kupeleka vitu fasi fulani, na watu wakashukuru kwa adabu, kesho yake tukaviona sokoni.

Sasa tufike kwenye habari iliyotufanya tuandike yote haya.

Mwaka 1893 Chicago ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Yalipokwisha, kazi zikakwisha, na uchumi wa nchi nzima ukaanguka. Baridi ile watu walikuja Hull-House kwa mistari kuomba msaada. Kulikuwa na karani mmoja aliyepoteza kazi yake, mtu ambaye Jane Addams alimjua kwa muda mrefu. Alikuja mara nne ao tano kuombea familia yake. Wakati huo wale waliosimamia misaada ya mji walikuwa na sheria yao: mtu mwenye nguvu asipewe kitu kabla hajajaribu kila kazi inayopatikana. Na kazi ilikuwepo, kuchimba mfereji mkubwa wa maji machafu. Jane akamwambia juu ya huo mfereji. Yule karani akaeleza kwamba maisha yake yote amefanya kazi ndani ya nyumba, kwamba baridi ya nje hataiweza. Jane hakumkaripia, moyo wake haukuwa na hakika, lakini alishika sheria kama alivyopewa.

Hakurudi tena kuomba. Alichimba siku mbili. Akashikwa na nimonia, na baada ya wiki moja akafa.

Aliacha watoto wadogo wawili. Jane Addams hakuwapoteza machoni miaka yote iliyofuata, na alikiri kwa maandishi kwamba hakuweza kuwaona bila uchungu, kwa sababu wao ndio waliolipa ile elimu yake. Alichojifunza ni kwamba sheria ya msaada haimjui mtu. Anayemjua ni yule aliyekaa naye, anayeona amelala nini, amekula nini, anaweza nini na hawezi nini. Ajabu ni kwamba yeye alikuwa jirani, alikuwa anamjua yule karani! Siku ile tu aliacha ujirani wake, akavaa kofia ya ofisi.

Sisi wenye kubeba lisiti tunajua uzito wa hii habari. Tumeshasimama mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni tukimweleza kwamba haingii katika vigezo, na tulikuwa na haki kwa karatasi. Hatutasema ilikuwa wapi. Aliondoka bila kelele, na jirani yake, ambaye mwenyewe analala chini ya mabati yaliyotoboka, akampa kona ya kulala. Vigezo vinahitajika, bila hivyo wenye nguvu wangechukua vyote. Tumeona hiyo pia. Lakini lisiti inakuja baada ya siku na wiki. Usiku wa kwanza ni wa jirani, na kama jirani hakusema anachojua, lisiti yenyewe itaandikwa vibaya.

Jane Addams hakugeuka mtakatifu baada ya hapo. Walifungua jiko la kupika chakula cha afya na cha bei ndogo, kimepimwa kisayansi. Majirani hawakukitaka. Wakapenda kula vyakula vya kwao, hata kama kitaalamu havikufaa, na jiko halikufika walikotaka lifike. Alipigana pia na mjumbe wa kata ya 19 aitwaye Powers, mtu wa rushwa, akajaribu mara mbili kumwangusha katika uchaguzi, 1896 na 1898, akashindwa. Kilichotupendeza ni alivyojiuliza baadaye kwa nini watu wanampenda mwizi. Akakuta kwamba Powers anakuja kwenye matanga, anatafutia vijana kazi, anagawa ndege wa kuchinja wakati wa Noeli. Kwa macho ya mtaa, yeye ndiye jirani mwema, na wale wa Hull-House ni watu wa kusema-sema. Huo ukweli haukumfurahisha, lakini aliuandika.

Watu wanauliza, Hull-House ililipa wafanyakazi wake namna gani? Wengi hawakulipwa. Waliokaa mle ndani walilipa wenyewe chumba na chakula, na kazi ya mtaa waliifanya kwa kujitolea. Jane alitia urithi wake mpaka ukapungua sana, na marafiki matajiri, hasa Mary Rozet Smith, wakaziba matundu. Lakini tusifikiri ni wasomi tu waliojitolea. Chukueni habari ya takataka.

Barabara za kata ile zilikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya uchafu, yamejaa mpaka yanamwagika, watoto wanachezea juu yake. Wahamiaji walilaumiwa kwamba ni wachafu. Hull-House ilikuwa na kikundi cha wamama wa mtaa, na wamama kumi na wawili kati yao, pamoja na wakaaji wa nyumba, walikubali kuzunguka vichochoro jioni tatu kwa wiki, baada ya kazi ya kutwa, katika joto. Kwa miezi miwili, Agosti na Septemba, walipeleka kwenye ofisi ya afya ya mji ripoti 1,037 zenye ushahidi. Kumbe wachafu hawakuwa wale waliofika. Ni magari ya mji ambayo hayakupita, na makampuni yaliyolipwa bure. Mwaka 1895 Jane Addams mwenyewe akapewa kazi ya mwangalizi wa takataka wa kata, dola 1,000 kwa mwaka. Aliamka saa kumi na mbili asubuhi kufuata magari ya kuzoa mpaka yalikotupa. Kwenye barabara moja nyembamba walichimbua uchafu wa karibu nusu mita, chini wakakuta lami ya mawe ambayo wakaaji hawakujua kwamba iko. Wamama wengine wa mtaa waliona haya kazi haimfai mwanamke, lakini waliona pia kwamba ni kama kukalia mgonjwa, na hilo halikuwa geni kwao. Wanaojua salongo yetu ya Jumamosi wataelewa.

Tulisema tutairudia aibu. Jane aliona kitu ambacho kinatugusa sana: watoto wa wahamiaji wanawaonea haya wazazi wao. Mtoto ameshika Kiingereza, amepata nguo za mji, mama bado anafunga kitambaa kichwani na kusema lugha ya kijijini. Siku moja Jane aliona mama mzee wa Kiitalia ameketi mlangoni anasokota nyuzi kwa mkono, kijiti tu, namna ya zamani kabisa. Hapo likamjia wazo la kufungua nyumba ya kuonyesha kazi za mikono, mwaka 1900, ambako hawa wazee wasokote, wafume na kuchonga mbele ya watu, na wawe walimu. Msichana mmoja wa Kiitalia alikuwa anakuja Hull-House kujifunza kupika, mama yake anakuja siku ile ile kusokota, na msichana alikuwa anapitia mlango mwingine ili wasionekane pamoja. Jioni moja akakuta watu wa heshima, waalimu, wamemzunguka mama yake wanastaajabu mikono yake. Akauliza kumbe mama ni nani. Jane akamwelezea kijiji walikotoka, na ustadi wa kusokota wa wanawake wa kule. Baada ya hapo walipitia mlango mmoja.

Watoto wetu waliozaliwa kambini, waliofika Baraka na meli ya kutoka Kigoma bila kujua shamba la babu liko upande gani, nao wanacheka Kibembe ao Kifuliru cha bibi zao. Na bibi anajua kutengeneza muhogo mchungu usiue mtu. Nani atamkalisha mbele kama mwalimu?

Habari nyingine ni nyingi, tunapita haraka. Mwenzake Florence Kelley alihesabu watoto viwandani, na 1893 sheria ya Illinois ikakataza kuajiri wenye chini ya miaka 14. Mwaka 1899 Chicago ikapata mahakama ya watoto, ya kwanza nchini. Mwaka 1908 watu wa Hull-House na wenzao walianzisha chama cha kulinda wahamiaji, kikiongozwa na Grace Abbott. Hawa walikwenda kwenye kituo cha treni, kwa sababu pale ndipo mgeni alipoibiwa: mwenye gari anamtoza mara nyingi, wakala wa kazi anachukua franga na kumpeleka mbali ambako kazi haiko. Walifungua chumba cha kungojea karibu na kituo, chenye watu wanaosema lugha za waliofika. Walipokea kutoka bandari ya New York majina ya wasichana waliokuja Chicago peke yao, wakatembea nyumba kwa nyumba kuona kama wamefika. Wengine hawakupatikana. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo, kwa sababu ile ilikuwa pia lisiti, lakini ya kumtafuta mtu, si ya kumkataa.

Vita vya 1914 vikaja. Majirani wake walitoka pande zote mbili zilizopigana, na yeye alikataa kuchagua. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague, Uholanzi, akazunguka kwa wakubwa wa nchi za Ulaya kuwaomba wasikilizane. Marekani ilipoingia vitani 1917, watu waliomsifu zamani wakamwita msaliti. Magazeti yalimtukana kwa miaka. Hakuacha: vita vilipokwisha alikwenda kutafuta chakula cha watoto wa Ujerumani wenye njaa, ambao kwa watu wengi bado walikuwa watoto wa adui.

Zawadi ya Nobel ya amani ilimfikia 1931, akigawana na Nicholas Murray Butler. Siku ya kuipokea alikuwa lopitali, mgonjwa. Sehemu yake ya franga aliitoa kwa chama cha wanawake wa amani alichokiongoza. Alikufa Chicago tarehe 21 Mei 1935. Maelfu ya watu wa mtaa walipita mbele ya jeneza, na ibada ikafanyika uani kwa Hull-House. Wakamrudisha Cedarville kumzika. Kwenye jiwe la kaburi liko jina lake, jina la ile nyumba ya barabara ya Halsted, na jina la kile chama cha wanawake. Zawadi ya Nobel haikuandikwa.